Kulala Kisiwani Mbudya kwa Gharama Nafuu: Namna ya Kuipanga Safari ya Marafiki

Ukiiondoa boti, karibu kila kinachohitajika kwa usiku mmoja kisiwani mkazi wa Dar es Salaam anacho nyumbani au anakipata kwa bei yake ya kawaida. Mchele ni uleule, mkaa ni uleule, na chandarua kinaning'inia juu ya kitanda chake. Kwa hiyo anayetaka safari nafuu asianze kwa kubana chakula, bali aanze na mambo mawili yanayoamua gharama ya boti na usumbufu wake, ambayo ni idadi ya watu na siku ya kuvuka. Maelezo haya yanahusu zaidi Kisiwa cha Mbudya, kilichopo baharini mbele ya Kunduchi, ingawa mengi yanafaa pia kwa Sinda upande wa Kigamboni.

Mbudya si ufukwe wa mtu yeyote kujiendea. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kisiwa hiki kilitengwa kisheria mwaka 1975, na sasa kinasimamiwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kwa msafiri hilo lina maana tatu. Kwanza, kuna kiingilio cha kila mtu, na anayelala anahitaji kibali zaidi ya kile cha kwenda kuogelea na kurudi jioni. Pili, viwango vya raia na vya wageni wa nje havilingani, hivyo kila mmoja abebe kitambulisho chake cha taifa ili asije akatozwa kiwango kisichomhusu. Tatu, eneo tengefu ni mahali ambapo uvuvi hauruhusiwi, wala kuokota makombe, kuvunja matumbawe au kukata miti ya kuni. Anayepanga kupunguza gharama kwa kujivulia kitoweo ageuze mpango huo mapema. Wiki mbili kabla ya safari, mmoja wenu aende au apige simu ofisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, aulize viwango vya wakati huo na sehemu inayoruhusiwa kupiga kambi, kisha malipo yafanyike kwa namba ya malipo ya serikali na stakabadhi itunzwe. Pesa taslimu anayopewa mtu ufukweni bila stakabadhi huenda ikalipwa mara ya pili.

Idadi ya watu

Boti ya kukodi hutozwa kwa safari, wala si kwa kichwa, na hapo ndipo penye siri ya unafuu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu na si kwa bei halisi, nahodha anataka shilingi 160,000 kwenda na kurudi. Mkiwa watano kila mmoja atatoa 32,000. Mkiwa wanane atatoa 20,000. Tofauti hiyo ya 12,000 ni kubwa kuliko chochote mtakachookoa kwa kununua mchele wa bei ya chini. Hata hivyo, msivutwe na hesabu hiyo mkafika kumi na watano. Kundi kubwa huhitaji boti ya pili au boti iliyojazwa kupita kiasi, sufuria hazitoshi, na uamuzi mdogo kama saa ya kuondoka hugeuka kikao. Watu saba hadi tisa ni kundi linalotosha boti moja, jiko moja na mahema matatu.

Zipo pia boti za abiria wa kuchanganyika ambazo huvusha watu wa matembezi ya mchana kutoka hoteli za ufukwe wa Kunduchi. Hizo hutoza kwa kichwa na huwa nafuu kwa watu wawili au watatu, lakini hazikusudiwi mtu mwenye madumu ya maji na magunia ya vyombo, na zina saa zake za kurudi. Kundi lenye mizigo lipatane na boti yake.

Kuchagua siku kwa kuangalia mwezi

Watu wengi huchagua usiku wa mwezi mpevu kwa sababu ya mwanga, na kwa picha hawajakosea. Kwa kambi, hata hivyo, mwezi mpevu huja na bamvu, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvu, zinazofuata mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alasiri na alfajiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kuzidi mita tatu. Maana yake ni kwamba asubuhi ya kuondoka, mnapotaka kupakia mizigo saa nne, bahari imerudi mbali, na mtatembea na madumu vichwani kwenye maji ya magoti na mawe yanayoteleza mpaka ilipo boti. Usiku, maji yatapanda kufikia kilele chake saa kumi alfajiri, wakati hakuna aliye macho wa kuona kwamba yamefika kwenye mlango wa hema.

Siku saba au nane baadaye mambo hugeuka. Yanaingia maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na kilele chake cha asubuhi huangukia kati ya saa tatu na saa tano. Hizo ndizo saa ambazo kundi la marafiki huwa limekwisha kukusanyika Kunduchi. Boti inasogea mpaka mchangani, mizigo inapakiwa bila mtu kuloa kiuno, na kesho yake maji hujaa tena saa moja hivi au zaidi baada ya wakati wa jana, yaani muda unaofaa kabisa kwa kurudi.

Kuna maji mafu ya aina mbili katika kila mwezi, na si sawa kwa mtu wa kambi. Yale yanayofuata mwezi mpevu huja na giza la mwanzo wa usiku, kwa kuwa mwezi huchomoza karibu na saa sita. Yale ya mwezi unaokua, kwenye tarehe nane, tisa na kumi za mwezi mwandamo, hukupa mwezi ulio juu ya kichwa jua linapozama, ukamulika chakula cha jioni na mazungumzo, halafu ukatua baada ya saa sita za usiku, watu wakiwa wamechoka. Chukua basi kalenda yenye tarehe za Kiislamu, kama zile zinazotundikwa katika maduka mengi ya mjini, utafute Jumamosi inayoangukia katika tarehe hizo tatu. Hutaipata kila mwezi, na ndiyo sababu ya kupanga mapema. Ukishaipata, linganisha na jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, ambalo hupatikana katika intaneti, na kisha umuulize nahodha. Nahodha asipokubaliana na jedwali kuhusu saa ya kupakia, mfuate nahodha, kwa kuwa yeye anaujua ufukwe wake.

Kuhusu majira, neno fupi linatosha. Masika ya Machi hadi Mei hayafai. Kusi huvuma kwa nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Usiku huwa na ubaridi mzuri lakini bahari huchafuka, na safari inaweza kuahirishwa asubuhi ileile. Septemba na Oktoba, kabla vuli haijakolea, ni wakati mzuri, na vivyo hivyo Januari na Februari kwa anayevumilia joto. Siku tatu kabla, anza kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa taarifa za upepo mkali na mawimbi makubwa. Ikitolewa tahadhari, ahirisheni, hata kama chapati zimeshapikwa.

Kupatana na nahodha

Daladala za Tegeta na Bunju hupita Kunduchi Mtongani, na kutoka hapo bajaji huwafikisha ufukweni. Bajaji mbili zenye mizigo ni nafuu kuliko teksi mbili kutoka katikati ya mji. Ni vyema watu wawili waende wiki moja kabla, wazione boti kwa macho na wazungumze na nahodha ana kwa ana, kuliko kupatana kwa simu na mtu ambaye huenda ni dalali.

Katika mazungumzo hayo bei ije mwisho. Kwanza uliza boti imesajiliwa kubeba watu wangapi, na uhesabu jaketi okozi kwa kuziona, si kwa kuambiwa. Uliza kama kuna injini ya akiba au angalau makasia, na nani mwingine atakuwemo pamoja na nahodha. Mweleze mzigo wote kwa ukweli: madumu manne ya lita ishirini ni kilo themanini, yaani abiria mmoja mzima ambaye hakuhesabiwa. Baada ya hapo patana bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, mtaje saa ya kuchukuliwa kesho yake, na mkubaliane kwamba nusu inalipwa mnaposhuka kisiwani na nusu mnaposhuka Kunduchi. Mpango huo si wa kumdharau nahodha. Manahodha wazoefu wanaujua na wengi wataupendekeza wenyewe. Chukueni namba yake ya simu na ya msaidizi wake pia, kwa sababu simu moja ikizimika Jumapili asubuhi hamna barabara ya kurudia.

Boti ikiwa ya bei ya chini mno kuliko nyingine zote pwani ile, tafuteni sababu kabla ya kufurahi. Mara nyingi ni jaketi okozi zisizotosha au injini isiyoaminika, na hapo si mahali pa kubana matumizi.

Maji na chakula

Mbudya hakuna kisima cha maji matamu. Kila tone la kunywa, kupikia na kuoshea chumvi usoni linavuka nanyi. Kadirieni lita tano kwa mtu kwa siku. Kwa watu wanane, kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili mchana, hesabuni siku moja na nusu, yaani lita sitini au madumu matatu ya lita ishirini. Dumu la nne ni la akiba, na sharti lake ni kwamba halifunguliwi mpaka boti ya kurudi imeonekana. Jazeni madumu nyumbani kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Chupa za maji za dukani kwa kiasi hicho zitakula fedha ambayo ingelipa samaki wote.

Chakula cha Jumamosi mchana kipikwe nyumbani na kubebwa katika hotipoti. Pilau hustahimili safari kuliko wali wa nazi, ambao huchacha haraka katika joto. Maharage yachemshwe nyumbani mpaka yaive, kwa kuwa kuchemsha maharage makavu kisiwani ni kuteketeza mkaa na maji ya watu wote. Jumapili asubuhi, chai ya tangawizi na viazi vitamu vilivyochemshwa jana yake vinatosha.

Kitoweo cha usiku kinunuliwe Kunduchi asubuhi ya safari, pale wavuvi wanapoteremsha samaki. Vibua ni samaki wa bei nafuu na huchomeka vizuri. Kolekole na changu ni wazuri zaidi lakini hupandisha mchango. Lipia samaki waparuliwe magamba na watolewe matumbo palepale. Fedha hiyo ndogo huokoa maji mengi, na huwaepusha na nzi na kunguru kisiwani. Wapakeni chumvi, ndimu na pilipili, muwaweke katika ndoo yenye mfuniko pamoja na barafu, na ndoo ikae kivulini. Kisiwani kwenyewe kuna wanaouza samaki na chipsi kwa watu wa matembezi, chakula kizuri kwa anayetaka, ila bei yake ni ya kisiwani.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kambi marufuku hiyo imekuwa na faida isiyotarajiwa. Ndoo zenye mifuniko ndizo zinazofaa kubebea chakula: haziingizi maji ya bahari botini, hugeuka viti mkifika, na usiku huzuia wezi. Wezi hao wapo, na si binadamu. Mchana kunguru hawaachi chapati iliyo wazi, na usiku panya na kaa wakubwa wa nchi kavu huzunguka kufuata harufu. Kaa hao wana nguvu za kuburuta sufuria. Wasiguswe wala kushikwa kwa ajili ya picha. Jiwe juu ya mfuniko linatosha.

Kwa moto, jiko la mkaa na debe moja la mkaa vinamaliza kazi yote. Mwenye mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 nyumbani anaweza kuuleta, lakini upepo wa baharini hupoteza moto wa gesi, na itabidi aukinge kwa bati au kwa ndoo. Jiko likae mchangani mbali na majani makavu, na majivu yakishazimwa kwa maji ya bahari yarudi bara.

Mahali pa kulala

Hema si lazima linunuliwe. Hukodishwa na waandaaji wa safari mjini, na pengine mmoja wenu ana ndugu aliyenunua hema akalitumia mara moja tu. Asiye na hema atumie turubai lililofungwa kati ya miti miwili bila kupigilia msumari, chandarua chini yake, na mkeka juu ya mchanga. Katika joto la Januari mpango huo ni bora kuliko hema, kwa sababu upepo unapita. Mbu wapo, hivyo chandarua si pambo. Shuka moja nzito inatosha miezi yote isipokuwa ile ya kusi, ambapo sweta litahitajika kuelekea alfajiri.

Pigeni kambi sehemu mliyoelekezwa, na ndani ya sehemu hiyo tafuteni mstari wa mwani mkavu na takataka ulioachwa na bamvu lililopita. Kila kitu kiwe juu ya mstari huo, hata siku za maji mafu. Vigingi vya kawaida havishiki katika mchanga mlaini. Funga kamba ya hema katikati ya kijiti au chupa iliyojazwa mchanga, uchimbe shimo la urefu wa kiwiko, ukilaze humo, kisha ufukie na kukanyaga. Mlango wa hema uelekee upande usiopigwa na upepo. Kazi hii ifanyike saa kumi alasiri, kwa kuwa saa kumi na mbili na nusu giza linaingia ghafla.

Usalama

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja aliyebaki bara apewe orodha ya majina, namba za manahodha na saa ya kurudi, akijua kwamba ikifika saa fulani bila habari apige simu. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na ya dharura kwa ujumla ni 112. Simu mbili zizimwe usiku ili zibaki na chaji, hata kama mna betri za akiba.

Ulizaneni waziwazi nani hajui kuogelea. Wengi wa sisi tuliokulia pwani hatujui, na huona aibu kusema mbele ya marafiki. Asiyejua avae jaketi okozi hata anapocheza maji ya kifuani. Kuogelea kukome jua linapozama, na yeyote aliyekunywa pombe asiingie majini. Majini vaeni yeboyebo au raba, kwa sababu kwenye matumbawe kuna viumbe weusi wa miiba mirefu na, mara chache, samaki wanaojifanya mawe. Aliyechomwa na miiba ya samaki hao au na mwiba wa taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, atumbukize mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, na boti iitwe bila kungoja kesho. Sanduku la dawa liwe na bendeji, dawa ya vidonda, dawa ya maumivu, na paketi kadhaa za chumvi za kurudisha maji mwilini, ambazo huwa na kazi zaidi kuliko vingine vyote, hasa kwa waliokaa juani tangu asubuhi.

Mchango na hesabu

Chagueni mhazini mmoja, na ikiwezekana asiwe mpishi wala mpatanishi wa boti, ili kila anayetumia fedha awe na mtu wa kumpa risiti. Gawanyeni gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la pamoja: boti, mahema, mkaa na bajaji. Fungu la pili ni la kila kichwa: kiingilio, kibali cha kulala na chakula. Tangazeni mapema kwamba anayejitoa ndani ya siku tano za mwisho atarudishiwa fungu la pili lakini si la kwanza, kwa kuwa boti haipungui bei kwa ajili yake. Kanuni hiyo ikiandikwa katika kundi la WhatsApp kabla fedha haijaanza kuchangwa, haimkwazi mtu. Ikitajwa baada ya mtu kujitoa, huvunja urafiki.

Michango yote iwe imeingia siku tano kabla. Kila kundi lina mtu wa "nitawapa hukohuko", na mtu huyo, hata awe mcheshi kiasi gani, asihesabiwe katika boti mpaka ujumbe wa muamala umefika kwa mhazini. Ongezeni asilimia kumi juu ya makadirio, iwe akiba ya boti kuchelewa au samaki kupanda bei. Jumapili, taka zote zikishashushwa Kunduchi na nahodha akishapewa nusu yake ya pili, mhazini asome matumizi palepale ufukweni huku kila mtu anasikia, na salio ligawanywe kwa simu kabla watu hawajapanda daladala.